Sikiliza besi: zama za muziki wa klasiki kwa anayeimba kwa sikio

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naimba besi katika kwaya ya usharika wetu, na sasa tunajifunza Haleluya ya Handel. Mwalimu wetu anasema huu ni muziki wa klasiki. Rafiki yangu aliyesomea muziki anabisha, anasema si klasiki, ni baroki. Nimetafuta orodha ya vipindi na miaka yake, nimeikariri, lakini nikisikiliza sioni kipindi kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Je, mtu asiye na shahada anaweza kuvitambua kwa sikio tu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na ubishi wenu, maana huo unakwisha upesi: mwalimu wako yuko sahihi, na rafiki yako naye yuko sahihi. Neno klasiki lina maana mbili, kama lilivyo neno ngoma. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi, lakini mtu akikuambia "leo kuna ngoma kule kwa mzee", hazungumzii chombo. Anazungumzia shughuli nzima, na nyimbo, na wachezaji. Klasiki kwa maana pana ni muziki wote wa Ulaya ulioandikwa kwa nota kwa ajili ya makanisa, majumba ya watawala na kumbi za maonyesho, tangu watawa wa Zama za Kati mpaka leo. Kwa maana finyu ni miaka kama 70 tu, takriban 1750 hadi 1820, miaka ya Haydn na Mozart. Handel alizaliwa mwaka 1685, na aliitunga Messiah, ambamo ndimo ilimo Haleluya yenu, mwaka 1741 kwa siku 24. Kwa maana pana yumo, kwa maana finyu hayumo.

Sasa hiyo orodha uliyoikariri. Siikatai, mimi mwenyewe nimeifundisha. Ila ujue kwamba majina yale waliyatoa wajukuu, si babu wenyewe. Handel alikufa mwaka 1759 bila kujua kuwa yeye ni mtu wa baroki. Neno lenyewe linatokana na Kireno, lulu iliyokwenda upande, isiyo na umbo la duara. Mwaka 1734 mwandishi mmoja wa Paris alilitumia kuuponda muziki wa mtunzi Rameau, kwa maana ya kitu kilichovurugika. Ilipita karibu karne mbili ndipo wanahistoria wa Kijerumani, Curt Sachs akiwa miongoni mwa wa kwanza, walipolichukua na kulifanya jina la heshima la kipindi kizima. Mwaka 1810 nao, mwandishi E.T.A. Hoffmann alipoandika juu ya Simfoni ya Tano ya Beethoven (simfoni ni kazi ndefu ya okestra), aliwataja Haydn, Mozart na Beethoven wote watatu kuwa ni watunzi wa kiromantiki, jina ambalo leo ni la kipindi kinachofuata klasiki. Leo mwanafunzi akiandika hivyo kwenye mtihani anakatwa maksi. Kwa hiyo usijilaumu ukikosa kuuona mpaka. Pale mpaka ulipochorwa, watu walikuwa wanapita huku na huku bila kujua kama upo.

Lakini mabadiliko yapo, na yanasikika. Na wewe una bahati kwa sababu unaimba besi. Ningekuwa na dakika tano tu za kumfundisha mtu historia hii ya miaka elfu moja, ningemwambia jambo moja: acha kufuata sauti ya juu, fuata ya chini. Sauti ya juu huvutia na hudanganya, kwa sababu wimbo mtamu ni mtamu katika kila zama. Besi ndiyo inayobadili kazi kila zama zinapobadilika.

Ushauri mmoja kabla sijaendelea: usisikilize kwa spika ya simu. Spika ile ndogo haiwezi kutoa sauti za chini, na utakuwa unatafuta kitu ambacho hakipo. Vaa hedifoni, au azima spika kubwa ya kanisa siku ambayo hakuna ibada.

Mwanzoni kabisa besi haikuwepo. Wimbo wa watawa, ule uitwao wa Kigregori, ni mstari mmoja tu, wote wanaimba nota ileile. Mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, katika karne ya 11 aliona taabu wanayopata waimbaji kukariri nyimbo zote hizo. Akachukua utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila mstari wake unaanza hatua moja juu ya uliotangulia, akatwaa silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. Hizo ndizo do-re-mi mnazoandikiwa ubaoni, baada ya ut kugeuzwa do na ti kuongezwa baadaye. Waingereza wa karne ya 19, hasa mchungaji John Curwen, waliziandika kwa herufi, na wamisionari wakazileta kwetu. Kila unapoimba nota zako kabla ya maneno, unafanya alichokifanya Guido na wanafunzi wake.

Watu walipoanza kuongeza sauti juu ya mstari ule mmoja, aliyeshika wimbo wa asili kwa nota ndefu aliitwa "tena", jina lilelile la sauti ya tena kwenye kwaya yenu, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kushika. Sauti iliyoandikwa kuikabili iliitwa kontratena. Katika karne ya 15 kontratena ikagawanyika: ya juu ikawa altus, ya chini ikawa bassus. Hapo ndipo alto yenu na besi yako zilipopata majina. Kwa hiyo sauti unayoiimba ndiyo kitinda mimba katika familia ile, ingawa leo tunaisema ndiyo msingi.

Katika zama za Renesansi, yaani karne ya 15 na ya 16, besi ni mwenza wa sauti nyingine, si mtumishi wala bwana. Chukua misa yoyote ya Palestrina, aliyefanya kazi Roma na kufa mwaka 1594. Soprano inaanza maneno, alto inaingia na wimbo uleule, kisha sauti ya tena, kisha besi, kama wazee barazani wanaopokezana neno. Kuna jaribio ambalo nimelifanya na kwaya mara nyingi: waambie wengine wote wanyamaze, besi waimbe peke yao mstari wao. Ukiwa ni wa Palestrina, unasikia wimbo kamili, wenye mwanzo, kilele na kushuka. Mtu wa nje anaweza kuupenda bila kujua kuna sauti nyingine tatu zinazokosekana. Dalili nyingine ni kwamba mguu wako hauchezi. Muziki unapumua lakini haukusukumi mbele.

Halafu likaja geuzo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko mengine yote mpaka karne ya 20. Mwishoni mwa miaka ya 1500, wasomi na wanamuziki wa Florence walilalamika kwamba sauti nyingi zikiingiliana, maneno hayasikiki. Walitaka mtu mmoja asimame aimbe, naye aeleweke kama mwigizaji. Ndiyo opera ikazaliwa. Monteverdi alionyesha Orfeo yake huko Mantua mwaka 1607, na hadi leo inaimbwa. Ila fikiria: ukibaki na mwimbaji mmoja, nani atambeba? Wakambakizia besi. Juu mwimbaji, chini besi, na katikati pakaachwa wazi. Mtunzi aliandika mistari hiyo miwili tu na kuweka tarakimu chini ya nota za besi. Mpiga kinanda, akiziangalia, alijaza katikati papo hapo, na mara nyingi selo, ile ala ya nyuzi yenye sauti nzito, ilipiga naye besi ileile.

Nikuonyeshe namna tarakimu zilivyofanya kazi, kwa do-re-mi zako. Besi ikiwa do bila tarakimu, mpigaji anaweka do, mi, so. Besi ikiwa mi na imewekewa 6, anahesabu kutoka kwenye mi: mi ni moja, fa mbili, so tatu, la nne, ti tano, do sita. Kwa hiyo anaipata do, na so, ambayo ni ya tatu, anaijaza kwa mazoea. Mi, so, do. Mpangilio wa vidole anauamua yeye, na akitaka anaongeza mapambo. Wapiga kinanda wengi wa makanisani kwetu hufanya jambo la jamaa na hili kila Jumapili: wanamsikia mwimbishaji, wanaikamata besi kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia unajaza.

Besi hii ya kudumu ndiyo alama ya baroki, tangu 1600 hivi hadi katikati ya karne ya 18. Haikai. Inatembea, hatua kwa hatua, mwanzo wa kipande hadi mwisho, na kwa kuwa inatembea vilevile, hali ya kipande nayo inabaki ileile: kikianza kwa furaha kitaisha kwa furaha. Mfano ulio rahisi kuupata ni Kanoni ya Pachelbel, ambayo bila shaka umeisikia harusini bibi harusi akiingia. Iweke, usizijali violini tatu za juu, imba na besi: do, so, la, mi, fa, do, fa, so. Nota nane. Kisha tena, na tena, mara 28, bila kubadilika hata moja. Violini zinacheza, zinakimbia, zinafukuzana, na besi haigeuki kuzitazama. Ukishaweza kuimba nota hizo nane mpaka mwisho bila kuvutwa na violini, baroki umeishika, na hakuna atakayekunyang'anya.

Mwaka 1750 unatajwa kuwa mwisho wa baroki kwa sababu ndipo alipokufa Johann Sebastian Bach, huko Leipzig. Mimi huwaambia wanafunzi kuwa huo ni mwaka wa msiba, si mpaka. Mtunzi Pergolesi alikuwa ameshaonyesha opera ya La serva padrona huko Naples mwaka 1733, yenye muziki mwepesi wa namna mpya. Wana wa Bach wenyewe walikuwa wanaandika kwa mtindo huo baba yao akiwa hai. Na Handel, mtu wa baroki, aliishi miaka tisa zaidi ya Bach.

Nini kilibadilika? Besi iliacha kutembea. Ikasimama. Katika muziki wa klasiki, sasa kwa maana finyu, mara nyingi besi inarudia nota moja puta-puta-puta kwa vipimo kadhaa (yaani mafungu ya mapigo) huku wimbo ukielea juu yake. Wajerumani waliiita besi ya ngoma. Au inavunjwa vipande. Sonata ya Mozart ya mwaka 1788, kipande cha piano, ile nyepesi ambayo kila anayejifunza piano huipitia, mkono wa kushoto unaanza hivi: do so mi so, do so mi so. Jaribu kuimba hivyo huku mwenzako akiimba juu yake: do, mi, so, kisha ti, do, re, do. Unasikia nafasi ilivyo wazi? Hakuna anayemfukuza mwenzake. Wimbo ni malkia, na besi inamtandikia.

Sababu zake ni za kawaida kabisa. Okestra zilikua, na violini za pili, viola na pembe zikawa zinajaza katikati, kwa hiyo mpiga kinanda wa kujaza papo hapo akakosa kazi. Watu wa mjini wakaanza kununua tiketi za maonyesho na nota za kupigia nyumbani; walitaka muziki unaoeleweka mara ya kwanza, wenye sentensi fupi zinazojibizana. Haydn alitumikia familia ya Esterházy kwa miaka mingi, kisha akaenda London akawaandikia wenye tiketi. Simfoni aliyoionyesha huko mwaka 1792 ina sehemu ya polepole inayoanza: do do mi mi so so mi, fa fa re re ti ti so. Mtoto wa chekechea anaiweza. Inarudiwa kwa sauti ndogo zaidi, halafu okestra nzima inapasuka kwa kishindo kimoja. Kitu hicho hakiwezekani kwenye besi inayotembea bila kukoma. Ili ushtue watu lazima kwanza uweze kunyamaza, na klasiki ndiyo iliyofundisha muziki kunyamaza. Ukifanya lile jaribio langu hapa, besi ipigwe peke yake, unabaki na nguzo bila paa. Haileti maana mpaka wimbo urudi juu yake.

Ukitaka kusikia zama mbili zikigusana ndani ya kazi moja, tafuta Messiah iliyopangwa upya na Mozart mwaka 1789 kwa ajili ya Vienna. Aliongeza filimbi, klarineti, pembe na tromboni, na maneno ni ya Kijerumani. Nyimbo ni za Handel, lakini katikati ambapo Handel alimwachia mpiga kinanda, Mozart amejaza kwa rangi zake mwenyewe. Sikiliza Haleluya kwanza ilivyoandikwa, kisha hii, siku hiyohiyo.

Beethoven watu humgombea, huku wanamwita wa klasiki, kule wa romantiki. Mimi sioni haja ya kumgawa. Ila wewe kama besi una deni kwake. Simfoni yake ya Tisa ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824. Katika sehemu ya mwisho, okestra inakumbushia sehemu zilizotangulia moja baada ya nyingine, na kila mara selo na yale mabesi makubwa ya kusimama, kama lile la vikundi vya taarab, yanaikatiza kwa sauti kama ya mtu anayehutubia. Kisha yenyewe, chini kabisa, taratibu, bila kusindikizwa na yeyote, yanaanza wimbo: mi mi fa so, so fa mi re, do do re mi, mi re re. Wimbo huo uko katika vitabu vingi vya nyimbo za dini. Dunia iliusikia kwanza kutoka kwenye besi. Na sauti ya kwanza ya binadamu kusimama kuimba humo ni ya mwanamume wa sauti nzito.

Romantiki, karibu karne yote ya 19, usidhani ni nyimbo za mapenzi. Ni muziki wa mtu anayesema yaliyo moyoni mwake, anayetaka usiku, msitu, kifo na bahari viingie ndani ya nota. Okestra ilikua mpaka ikajaza jukwaa, na tuba iliundwa Berlin mwaka 1835 kuzipa ala za shaba sauti yao ya chini. Besi sasa si mwendo wala nguzo; imekuwa kina. Wagner alianza opera yake Das Rheingold kwa nota moja ya chini, E-flati, na akakaa kwenye kodi hiyohiyo (yaani nota zilezile zinazolia pamoja) vipimo 136, kama dakika nne, akichora mto Rhine unavyoamka. Brahms katika Requiem yake, kazi ya kwaya na okestra juu ya kifo, aliwaandikia waimbaji maneno ya kitabu cha Hekima, kwamba roho za wenye haki zimo mikononi mwa Mungu. Kwaya inapishana na kupanda juu, na chini yake nota moja, D, inashikwa bila kuachiwa tangu mwanzo wa maneno hayo mpaka mwisho, vipimo 36. Mkono wa Mungu ndio ule. Vienna mwaka 1867 mpiga timpani, zile ngoma kubwa za okestra, aliipiga nota hiyo kwa nguvu kupita kiasi mpaka kwaya ikazama, na baadhi ya wasikilizaji wakazomea. Sipendi kisa hicho kisimuliwe kwa kicheko. Pale ambapo besi ni wazo lenyewe, mtu mmoja akikosea kipimo cha nguvu anaharibu sala.

Karne ya 20 nitaipita haraka, kwa kuwa haina mtindo mmoja. Debussy, mwaka 1894, alianza kipande chake cha alasiri ya fauno (kiumbe wa hadithi, nusu mtu nusu mbuzi) kwa filimbi peke yake, hakuna kitu chini yake, na hujui do iko wapi. Schoenberg baadaye akaandika muziki usio na do kabisa. Stravinsky mwaka 1913 huko Paris akaifanya okestra nzima iwe kama ngoma, na ukumbi ukalipuka kwa makelele. Ukisikiliza, ukajaribu kuishika besi, nayo haikuambii nyumbani ni wapi, basi yaelekea uko kwenye zama hizo.

Lakini usitumie mwaka kama rungu. Mwaka 1915 Rachmaninoff alionyesha Moscow nyimbo zake za mkesha wa kanisa la Kiorthodoksi, kwaya tupu bila ala, zikinukia mambo ya kale sana. Wimbo wa tano ni sala ya mzee Simeoni, "Sasa wamruhusu mtumishi wako". Mwishoni besi wanashuka ngazi, polepole, mpaka B-flati ya chini ambayo wanaume wengi hawaifikii hata kifua kikiwa kimeamka vibaya asubuhi. Rachmaninoff alisimulia kuwa kiongozi wa kwaya alimuuliza watawapata wapi besi wa namna hiyo. Alijibu kwa vitendo: aliwajua watu wake, na walipatikana. Sikiliza hiyo usiku, peke yako.

Sasa rudi kwenye mazoezi yenu. Mtakapofika pale panaposema naye atatawala milele na milele, ni ninyi besi mnaoanza, peke yenu, kabla ya tena, alto na soprano kuingia kwa zamu na wimbo uleule. Ule ni mtindo wa Palestrina, wazee wanaopokezana neno. Lakini teremsha sikio chini ya sauti yako, kwenye kinanda au selo, utaisikia besi ya baroki inatembea nawe. Mwombe mpiga kinanda wenu aipige pale mstari huo wa chini peke yake mara mbili kabla hamjaimba, na wenzako wote wausikie. Kisha shusheni pumzi, ingieni bila kusubiri mkono wa mwalimu upande mara ya pili, maana waimbaji wa tena wako nyuma yenu na wanawategemea.